Nipe Mji

Katika fomu ya maombi ya shahada ya uzamili kulikuwa na nafasi ya jina kamili la mama mzazi. Niliandika jina la Bibi, kama nilivyofanya tangu shule ya msingi, na kwa mara ya kwanza mkono ukasita. Nina miaka 26. Darasani nafundishwa kutofautisha ushahidi na dhana, na hapo nilikuwa naandika dhana kwa wino.

Nililelewa Nyandira, Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru ambako kabeji, karoti na njegere hulimwa juu ya matuta ya ngazi. Bibi hakunizaa, wala hakumzaa aliyenizaa. Ninachojua ni kwamba nililetwa kwake nikiwa mchanga na mwanamke aliyemwamini.

Jioni, tukimenya viazi jikoni, alinitegea vitendawili. Nikishindwa alidai, "Nipe mji!" Nikimpa Morogoro, anakataa. Nikimpa Dodoma, anasema hana ndugu huko. Nikimpa Dar es Salaam anaupokea, anakwenda, anakula, anashiba, ndipo ananipa jibu. Kitendawili kimoja tu hakukubali mji wowote kwa ajili yake: mama yangu ni nani?

"Nilimwahidi," husema, kisha huchochea kuni.

Kwetu swali hilo si la moyo tu. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyohiyo. Asiyemjua baba bado ana kwao. Asiyemjua mama hana wajomba wa kumsemea. Kaka zake Bibi wameniruhusu kulima matuta mawili maadamu dada yao yu hai. Ya baada ya hapo hakuna aliyeyataja. Bibi anafuga mbuzi wa maziwa wa ile mbegu ya Norwei iliyoletwa Mgeta miaka ya 1980, na hakuna anayewauliza ukoo wao. Mimi nimeulizwa.

Napenda riwaya za watu wasio na damu moja wanaogeuka familia. Yatima anapata wa kumpenda, anaokota vidokezo, fumbo linafumbuka, wote wanakaa meza moja. Kinachonisumbua ni kwamba humo ukweli haumgharimu mtu. Wa kwangu una wenyewe watatu: mimi ninayeutaka, Bibi anayeutunza, na mwanamke aliyeomba asitajwe, ambaye huenda ana nyumba na watoto wasiojua kama nipo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya jina, uraia, na kuwajua wazazi waliomzaa pamoja na ndugu wa ukoo wake. Mimi si mtoto tena, lakini sioni kwa nini haja hiyo ife mtu akitimiza miaka 18. Hata hivyo, haki ya kujua si haki ya kumlazimisha Bibi avunje ahadi. Ahadi ile inamfunga yeye. Hainifungi mimi, maana sikuulizwa. Naweza kutafuta kwingine.

Watu wakitaka ninyamaze hunikumbusha kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nakubali. Lakini methali hiyo inamheshimu mlezi. Haisemi kwamba kulea ni kununua. Wengine husema mkataa kwao mtumwa, nami nashindwa kujua wananielekeza wapi. Nilichokubaliana na nafsi yangu ni hiki: kimya changu si malipo ya malezi, na kutafuta kwangu si hukumu juu yake. Fomu nyingine ikija, nafasi ya mama mzazi nitaiacha wazi. Penye mlezi nitaandika jina la Bibi kwa herufi kubwa.

Likizo iliyopita nilimwambia kwamba nitamtafuta. Alimaliza kukamua kwanza.

"Ukimpata, mwambie maziwa ulikuwa unamaliza yote."

"Nitamwambia, Bibi."

"Hujaniudhi, mjukuu wangu. Ila jibu sina la kukupa."

"Nikikupa mji?"

"Upi?"

"Nyandira."

Akacheka mpaka mbuzi akageuka. "Huo usitoe," akasema. "Tutalala wapi?"