Je, Ua Lisiloliwa Lina Faida?

Huko Japani majira ya baridi yakiisha, watu hupanda milima taratibu, wazee kwa watoto, waitazame miti ya sakura ikichanua. Maua hayo hudumu siku chache tu, kisha hupukutika. Sisi wa Buhongwa, tuliozoea kupanda vilima vyetu vya mawe kwa kutafuta kuni, twaweza kuuliza: kwenda mlimani na kurudi mikono mitupu, ni kazi gani hiyo?

Swali hili ni letu pia. Kule Kitulo, katika nyanda za juu za kusini mwa nchi yetu, uwanda wa maua huitwa Bustani ya Mungu. Mvua zikishika, okidi na maua mengine hutapakaa kote. Tangu mwaka 2005 mahali hapo ni hifadhi ya taifa. Hata hivyo, viazi vya okidi vimechimbwa na kuuzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Na achimbaye kiazi huua mmea wenyewe.

Tusiwe wepesi kumhukumu mchimbaji. Pengine anawatafutia watoto unga, na njaa si dhambi. Lakini tukipima kila kitu kwa tumbo, mwisho tutabaki na uwanda mtupu, na tumbo tupu vilevile. Kutazama bila kuchukua hutufundisha ya kwamba si vyote ni vyetu.

Basi mvua zikinyesha, tupande kilima pamoja na watoto wetu, tuwaonyeshe ua, kisha tuliache lilipo.