Uso wa Nyani na Mabango ya Vita

Wahenga walisema: ukitaka kumwua nyani, usimtazame usoni. Uso wa nyani hufanana na wa mtu, na mwindaji autazamaye huingiwa na huruma, mkono ukalegea. Nasi tuulize swali lililo kinyume: atakaye kumwua binadamu mwenziwe hufanyaje ili asiuone uso wake? Mabango ya vita viwili vikuu vya Ulaya yanatupa jibu: humvika sura ya mnyama.

Si kila mnyama wa siasa ni tusi. Mataifa yamejichagulia wanyama kwa fahari: Uingereza simba, Ufaransa jogoo, Ujerumani tai. Mwaka 1914 ilichapwa London ramani ya mzaha iliyoyaonyesha baadhi ya mataifa kuwa mbwa wagombanao: Uingereza buldogi, Ujerumani mbwa mrefu wa miguu mifupi. Adui alichekwa, lakini alibaki mbwa miongoni mwa mbwa; aliyemchora alijichora na yeye.

Vita vilipoendelea, kicheko kilikwisha. Mwaka 1917 Mfaransa Maurice Neumont alichora bango ambamo Prusia ni pweza aliyetandaza minyiri yake juu ya Ulaya. Mwaka 1942, Ufaransa ikiwa imeshindwa na Ujerumani, lilitoka humo bango jingine: safari hii pweza ni Churchill, na minyiri yake inavuja damu kwa kukatwa. Pweza yule yule, basi, alimtumikia kila mwenye chuki. Hakueleza lolote juu ya aliyechorwa. Alieleza tu lile mchoraji alilotaka litendwe. Mnyiri wa pweza hukatwa. Hakuna afanyaye nao shauri.

Baya zaidi lilikuja mnyama alipogeuka mdudu. Katika Polandi, iliyovamiwa na Ujerumani mwaka 1939, mabango yaliwaunganisha Wayahudi na chawa na homa ya tifasi. Mbwa huchekwa, pweza hupigwa. Chawa huangamizwa bila mwenye kuangamiza kujiona mwuaji. Wayahudi wapatao milioni 6 wa Ulaya waliuawa. Picha peke yake haikuua, lakini iliwaondolea wengi haya ya kuua, na wengine haya ya kunyamaza. Nasi wa nchi za Maziwa Makuu tusiyasome haya kama habari za mbali: nchini Rwanda, mwaka 1994, Watutsi waliitwa mende redioni huku wakiuawa.

Huenda mwalimu akauliza: je, ngano zetu za sungura na fisi nazo zina kosa? La, hasha. Katika ngano mnyama hupandishwa hata akasema kama mtu, nasi tukajiona wenyewe katika ulafi wa fisi. Katika bango mtu hushushwa hata akanyimwa usemi. Sarufi yetu yenyewe inatufunza adabu: mtu amekuja, fisi amekuja; upatanisho ni mmoja kwa wote wenye uhai. Lugha iliyomkirimu mnyama hivyo haifai kutumiwa kumnyang'anya mtu utu wake.

Kwa hiyo, tufundishapo tamathali za semi, tusiishie kumtaka mwanafunzi ataje kuwa hii ni sitiari na ile ni tashibihi. Tumwulize pia: picha hii inatuonyesha uso wa mtu, au inatuficha tusiuone?