Mzazi na Hisabu ya Amana

Katika kila nyumba yenye mtoto wa shule ya msingi hufika siku, mwishoni mwa muhula, ambapo karatasi ya ripoti hukunjuliwa mbele ya mzazi, imepangwa safu za masomo, alama, madaraja na nafasi, na chini yake mwalimu wa darasa ameandika maneno machache, aghalabu "ana juhudi" au "aongeze bidii". Mzazi hutazama nafasi kwanza. Akiona mwanawe ni wa tano husema alhamdulillahi, akiona ni wa sitini hukunja uso, na katika hali zote mbili hudhani kwamba amekwisha kujua maendeleo ya mtoto. Swali linalostahili kuulizwa, nalo lagusa dini kama ligusavyo elimu, ni hili: amejua nini?

Nafasi si uongo, ila habari yake ni ya watu wengine. Mtoto aweza kupanda kwa sababu wenziwe wameteleza, na aweza kujifunza mengi mno asisogee hata hatua moja, maana na wenziwe wamejifunza. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha mwaka 2023 kutangaza orodha ya wanafunzi na shule zilizoongoza. Na Kenya mwaka huohuo ilifanya KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliokuwapo tangu 1985, na mtaala ulioshika mahali pake humweleza mtoto kwa kusema kama amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake. Lakini mioyo haigeuzwi kwa waraka, na wazazi wengi, wakisha kusomewa maelezo hayo yote, wangali wakiuliza: amekuwa wa ngapi?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha katika kitabu chake Ihyaa kwamba mtoto ni amana kwa wazazi wake. Aliyewekewa amana hakupewa ili ajisifie kwayo barazani wala aionee haya. Ameamriwa kuitunza, na hakuna awezaye kukitunza kitu asichokijua hali yake. Na hisabu ya amana yafanywaje? Uislamu wafundisha kwamba nafsi hubebeshwa kwa kadiri ya uwezo wake. Na katika Injili ya Mathayo, mlango wa 25, mtumwa aliyepewa na bwana wake talanta mbili za fedha akarejesha nne alipata sifa ileile aliyoipata mwenziwe aliyepewa tano akarejesha kumi. Bwana yule hakuwapanga wa kwanza na wa pili. Alitazama kila mmoja alipewa nini na amekifanyia nini. Na yeyote atakayedhani kwamba mizani hii ni ya upole kupita kiasi, amkumbuke mtumwa wa tatu, aliyeifukia talanta yake ardhini, akaleta udhuru, usipokewe.

Kumjua mtoto, basi, ni kujua alikoanzia, alipo, na kinachomzuia. Tutwae hesabu moja ya madarasa ya chini. Mtoto ameambiwa atoe 38 katika 52, akaandika 26. Mwalimu ametia alama ya kosa, na ripoti itasema kwamba katika hesabu ni dhaifu. Mzazi akimwita amweleze alivyofanya, atasikia kwamba mbili haitoshi kutolewa nane, kwa hiyo mtoto amegeuza, akatoa mbili katika nane akapata sita, kisha akatoa tatu katika tano akapata mbili. Hapa hapana uvivu wala ujinga. Pana akili inayofuata kanuni, ila kanuni yenyewe ina pengo, kwani mtoto hajafahamu kwamba kumi moja yaweza kukopwa katika makumi ikaongezwa kwenye mamoja, jibu likawa 14. Alama yasema amekosa. Maelezo yake yasema amekosea wapi, na juma moja la subira laweza kuliziba pengo ambalo fimbo ya mwaka mzima isingeliziba.

Wazee wa pwani waliijua njia hii bila karatasi. Mzazi aliyempeleka mtoto chuoni kusoma Qur'ani, akitaka kujua amefika wapi, alimketisha jioni akamwambia asome, na hata yule asiyejua kuandika jina lake mwenyewe alisikia kwa sikio lake mahali ambapo mwanawe hutiririka na mahali ambapo hukwama.

Wajibu huu wa kumjua mtoto una pande mbili. Mwalimu, japo ana watoto tisini mbele yake, hana ruhusa ya kuificha hali ya mtoto nyuma ya maneno matamu wala nyuma ya tarakimu zisizoelezwa, kwani kuificha hali ya amana ni namna ya hiana. Na mzazi hana ruhusa ya kumwachia mwalimu kila kitu kwa hoja kwamba yeye hakusoma, maana kuuliza hakuhitaji cheti. Na aende shuleni kabla muhula haujesha, aseme: "Mwalimu, mwanangu sasa aweza kufanya nini ambacho mwanzo wa mwaka hakukiweza, kipi kinamshinda, na nyumbani nimsaidieje?" Majibu yakiwa machungu na ayapokee, kwa kuwa mtoto aliyejulikana alipo aweza kuongozwa, bali aliyesifiwa au kulaumiwa bila kujulikana huachwa peke yake na pengo lake, ilhali waliowekewa amana hiyo ni wawili, na kila mmoja wao ataulizwa kwa sehemu yake.