Askari na Jirani Zake

Mkubwa wa polisi hupata nguvu wapi: katika woga wa watu, ao katika imani yao?

Huko Camden, mji wa Marekani, mwaka 2012 waliuawa watu 67. Mwaka 2013 kikosi cha zamani kilivunjwa, kikaundwa kipya. Mkubwa wake akabaki Scott Thomson. Aliwaagiza askari watembee kwa miguu, wapige hodi, wajuane na wenyeji. Maana aliyeona mauaji hamwambii neno askari asiyemjua. Mwaka 2019 waliouawa walikuwa 25 hivi, ingawa sababu si moja.

Lakini siku ile askari wote waliachishwa kazi, wema pamoja na wabaya. Wengi wakaandikwa upya kwa mshahara mdogo zaidi. Je, ilikuwa haki? Mimi nasita. Askari aliyedharauliwa na wakubwa wake atajifunza wapi kumheshimu mwenye nyumba?