Kutu na Amana



Huko Michenga, katika bonde la Kilombero, masika huleta maji mengi mashambani, na unyevu hukaa muda mrefu. Pikipiki iliyoegeshwa nyuma ya nyumba na kusahauliwa huanza kuliwa na kutu: mnyororo, spoki, hatimaye tangi. Hakuna aliyeipiga wala kuiibia kitu. Je, mwenyewe aweza kusema kwamba hana kosa kwa kuwa hakutenda lolote?

Tutazame jinsi kutu inavyozaliwa. Chuma kikikutana na maji pamoja na hewa, hugeuka kidogo kidogo kuwa unga mwekundu. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana rangi huvimba na kubanduka. Chuma basi hakihitaji adui ili kiharibike. Yatosha mwenyewe aache kukitunza. Aliyepewa mali amepewa amana, na kuacha kuilinda ni tendo ambalo ataulizwa.

Ama njia ya kuisafisha inajulikana. Kutu ya juu husuguliwa kwa brashi ya waya na msasa. Vipande vidogo hulowekwa katika siki, kwani uchachu wake huyeyusha kutu. Kisha huoshwa, hukaushwa upesi na kupakwa mafuta, maana chuma kilicho wazi huweza kushika kutu upya siku hiyo hiyo. Kabla ya kusafisha tangi, petroli yote huondolewa, mbali na moto. Ni kazi ya subira.

Lakini wako wanaochagua wepesi: hupaka rangi mpya juu ya kutu na kuipeleka pikipiki sokoni. Rangi hung'aa, na chini yake kutu huendelea kula. Mnunuzi humpakia mkewe na gunia la mpunga, akiutumaini waya wa breki ambao nyuzi zake zimekwisha kulika. Hapo uzembe umegeuka kuwa dhuluma.

Huenda muuzaji akajitetea kwamba kutu imeletwa na mvua. Utetezi huu si mpya. Mtume Muhammad s.a.w. alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta ndani imelowa. Mwenye nafaka akataja mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione. Mvua haikuwa hatia yake. Kuficha kulikuwa hatia yake. Tena, Sura ya 83 ya Kurani Tukufu, inayotaja kutu ya mioyo, huanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Auzaye kutu kwa bei ya chuma naye amepunja.

Basi, mwenye chombo kikuukuu ana njia mbili za haki: akisugue mpaka chuma chenyewe kionekane, au akiuze kutu ikiwa wazi, kwa bei inayostahili. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitunza amana zetu. Amin.