Dawa ya Babu Ilikaa Wapi?

Mwaka 2011 barabara ya vumbi iendayo Samunge, Loliondo, ilifurika magari kwa kilomita nyingi. Wagonjwa wa kisukari, saratani na UKIMWI walikuwa wakifuata kikombe cha Babu, yaani Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyesema Mungu alimwonyesha dawa hiyo ndotoni. Bei ilikuwa shilingi 500. Mawaziri walikunywa. Wagonjwa wengine walifia kwenye foleni.

Mti wa dawa hiyo, mugariga, haukuwa mgeni. Ndio mtandamboo, ule wenye miiba ambao watoto wa wafugaji hula matunda yake na Wamasai huchemsha mizizi yake. Mwaka 2006, watafiti wa Kenya walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba dawa iliyokamuliwa kwenye mizizi hiyo ilipunguza makali ya virusi vya herpes kwa panya. Hakuna aliyekodi basi kwa ajili ya habari hiyo.

Kilichoivuta nchi nzima ni sharti la Babu: dawa inywewe palepale Samunge, na itoke mkononi mwake. Wataalamu walipouchunguza mti walikuwa na uwezo wa kusema kama una sumu au hauna, lakini mkono wa mzee haukuingia maabara. Ukichemsha mizizi kwako usipone, jibu lipo tayari: ulikosa mkono. Dai la namna hiyo haliwezi kushindwa, na kwa sababu hiyohiyo haliwezi kuthibitishwa.

China ilipita njia nyingine. Ge Hong, mwanazuoni wa Kitao wa karne ya 4 aliyetafuta pia siri ya kutokufa, aliandika kwamba mwenye homa za vipindi aloweke majani ya mmea wa qinghao katika maji, ayakamue, anywe. Kuchemsha hakukutajwa. Mwaka 1971, katika mradi wa siri wa serikali ya Kikomunisti wa kutafuta dawa ya malaria, Tu Youyou alisoma maneno hayo akashuku kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akaikamua kwa etha, kwa joto la chini. Mwaka uliofuata alijaribu dawa hiyo mwilini mwake kabla ya kuwapa wagonjwa, na kiini chake, artemisinini, kikampatia Nobel mwaka 2015. Fomula ya mtafuta umilele ilifanya kazi mikononi mwa dola isiyoamini Mungu. Vimelea vya malaria havikuuliza imani ya mtu.

Muumini anaweza kuona hapo imani imenyang'anywa kitu. Sidhani. Katika 2 Wafalme 20, Mungu anamwahidi uzima mfalme Hezekia, aliyekuwa mgonjwa. Hata hivyo nabii Isaya anaagiza mkate wa tini uletwe. Walioutwaa na kuuweka juu ya jipu lake ni watu ambao majina yao hayakuandikwa. Ahadi ilitoka kwa Mungu, agizo likatoka kwa nabii, tini zikabaki tini, na mkono ukawa wa yeyote aliyekuwa karibu.

Kwa kipimo hicho, tatizo la Samunge halikuwa kumtaja Mungu mbele ya sufuria. Lilikuwa kuifunga neema yake kwenye mkono mmoja, huku baadhi ya wagonjwa wakiacha ARV zao. Mwasapile alifariki Julai 2021. Anayeamini sharti lake hana tena pa kunywa. Anayeamini kwamba Muumba aliweka kitu ndani ya mzizi bado ana kazi ya kuuchunguza, kuanzia pale panya wa Kenya walipoachwa.