Kama Asingaliruka

Wako Wakristo waulizao: Je, yafaa mzazi aketi pamoja na watoto wake kutazama sinema ya picha za kuchorwa, na kucheka kama wao? Wengine husema kwamba huo ni mchezo wa kitoto tu, na kupoteza wakati. Mimi naona ya kuwa kicheko safi cha wazazi na watoto ni kipawa cha Mungu. Wazee wetu walisimulia habari za sungura jioni penye moto, wakacheka sana, nasi tukapata akili. Siku hizi hadithi nyingi huja kwa televisheni na kwa simu. Njia imebadilika, lakini kazi ya mzazi ni ile ile: kuketi na mtoto, kufurahi pamoja naye, kisha kumwuliza, "Umeona nini?"

Basi, ndugu wasomaji, natwaa sinema moja ya namna hiyo iwe mfano. Yaitwa Dumbo. Ilitengenezwa Marekani katika kiwanda cha Walt Disney, ikatolewa mwaka 1941. Ni fupi, dakika 64 tu, na shujaa wake hasemi hata neno moja tangu mwanzo hata mwisho.

Shujaa huyo ni mtoto wa tembo katika sarakasi, yaani kundi la watu na wanyama wasafirio kwa gari moshi mji kwa mji, wakicheza mbele ya watu ili kupata fedha. Masikio yake ni makubwa mno, hata humkwaza atembeapo. Tembo wenzake wakamcheka, wakampa jina la dharau. Watoto wa mjini walipomwonea, mama yake akakasirika akampiga mmoja wao. Ndipo watu wakamtia mama katika minyororo, wakisema ana wazimu. Mtoto akabaki peke yake. Akaingizwa katika mchezo wa tembo kupandana, akajikwaa kwa masikio yake, wote wakaanguka, na hema likaanguka pia. Kisha akafanywa kichekesho cha watu, nao tembo wakaapa ya kwamba tangu siku ile yeye si tembo tena. Panya mmoja tu ndiye aliyemhurumia. Mwisho ikaonekana ya kuwa masikio yale yale yaliyomletea aibu ndiyo mabawa yake. Akaruka juu ya vichwa vya watu, magazeti yakaandika sifa zake, na mama yake akafunguliwa.

Kila aonaye hayo hufurahi, na furaha hiyo ni ya haki. Maana sisi tumelelewa kwa habari za namna hiyo. Daudi alikuwa malishoni na kondoo siku Samweli alipokuja nyumbani kwa Yese, wala hakuna aliyefikiri kumwita. Bwana wetu mwenyewe alilazwa horini. Mungu hupenda kuwachagua wale ambao watu hawakuwatazamia. Hata mtoto asiyejua kusoma hulifahamu jambo hilo moyoni mwake, amwonapo tembo yule akipaa.

Walakini hapa pana swali, nami naomba mlifikiri. Kama asingaliruka, ingalikuwaje? Tuseme masikio yake yangalikuwa masikio makubwa tu, yasiyo na faida yo yote. Je, waliomcheka wangalikuwa na haki? Wenye sarakasi walimheshimu alipowaletea faida. Hatuonyeshwi kwamba walitubia dharau yao. Bei yake tu ndiyo iliyopanda. Tusipoangalia, watoto wetu watajifunza ya kuwa mnyonge astahili heshima kwa sababu huenda kesho akawa mkuu. Na yule ambaye hatakuwa mkuu kamwe, basi, na achekwe.

Lakini katika hadithi hiyo hiyo mna jibu jema, nalo haliko mwishoni. Kabla mtoto hajajua kuruka, panya alimpeleka usiku penye gari alimofungiwa mama yake. Minyororo ilimzuia mama asimkaribie, hata asimwone. Akautoa mkonga wake kati ya vyuma vya dirisha, akampapasa, akampakata, akambembeleza. Saa ile mtoto hakuwa na sifa hata moja. Ameliangusha hema, amechekwa na mji mzima, amekataliwa na jamaa zake. Mama hakumwuliza, "Waweza kufanya nini?" Alikuwa mwanawe, ikatosha.

Martin Luther alilifundisha jambo hili huko Heidelberg mwaka 1518. Alionyesha ya kuwa upendo wa mwanadamu hungoja kwanza uone kitu cha kupendeza. Bali upendo wa Mungu haukuti uzuri ndani yetu, huuumba. Nasi twafundisha kila mwaka katika darasa la Kipaimara kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo yake. Maana yake ni hii: hatukupendwa kwa sababu tuliruka. Tulipakatwa kwanza.

Tena, hata hadithi nzuri tuitazame kwa macho yaliyo wazi. Katika sinema hii wako watu weusi wasimamishao hema usiku katika mvua, nao waliochora hawakuwapa nyuso. Wako na kunguru, waliosemeshwa kwa namna ambayo wengi wameiona kuwa ni dhihaka kwa Wamarekani weusi. Mkubwa wao aliitwa na watengenezaji Jim Crow, jina lililotumika kuziita sheria za ubaguzi zilizokuwako Marekani siku zile; na sauti yake ilitolewa na Mzungu, Cliff Edwards. Hao kunguru ndio waliomsaidia tembo aruke! Ni ajabu kwamba watu walisimulia habari za mmoja aliyedharauliwa, na katika hadithi ile ile wakawadharau wengine.

Lakini tusiwanyoshee hao kidole kisha tukaketi. Moyo wa kumlilia tembo wa picha na kumcheka jirani ni moyo wetu pia. Katika vijiji vyetu wako watoto wenye ulemavu ambao hufichwa chumbani wageni wajapo. Wako walioshindwa mtihani, ambao baba zao hawawataji tena wanapohesabu wana wao. Wengine kati yao Mungu atawainua, nasi tutashangaa. Wengine hawataruka kamwe. Hao nao walibatizwa kwa maji yale yale, na kwa Jina lile lile.

Kwa hiyo, mzazi, tazama na watoto wako, ucheke nao, wala usione haya. Tembo apaapo, shangilia. Kisha uwaulize swali hili: "Kama asingaliruka, je, mngalimpenda?" Nanyi waalimu mnaofundisha Kipaimara, lichukueni swali hilo darasani, kisha mtazame ni nani aketiye peke yake katika benchi la nyuma.